Mashine Iliyoona Samaki Kwenye Ndoo

Mimi ni fundi wa simu na redio, na kazi hii imenifanya nisiwaheshimu sana watu wanaonunua vitu. Nina kibanda Kambarage, hapa Shinyanga mjini, na haipiti wiki bila kupokea mtu mzima, mwenye cheo na kitambi, ambaye simu yake iliingia maji akaifukia kwenye mchele siku tatu kabla ya kuniletea. Mchele! Simu inafika mezani kwangu imeziba kwa unga hadi tundu la chaji, na mwenyewe ananieleza kwa kujiamini kwamba aliona mtandaoni. Nikimuuliza kama ule mchele aliupika baadaye, ananuna. Kwa hiyo mke wangu aliponiambia kuwa kaka yake anataka kununua mashine ya kuonea samaki, nilicheka kabla hajamaliza kusema.

Yeye hakucheka. Aliendelea kuchambua choroko zake pale mlangoni, akaniacha nicheke mpaka kicheko kikaniishia.

"Ukimaliza umchagulie," alisema. "Nzuri, ya bei anayoiweza. Asije akauziwa takataka."

Huyo shemeji yangu alikuwa mchimbaji wa dhahabu tangu ujana wake, kwenye maduara ya Geita, yale mashimo membamba ambayo mtu anashuka kwa kamba akiwa na taa kichwani na kupanda akiwa na mawe mfukoni. Wazazi wao walifariki mke wangu akiwa darasa la tano. Kaka mtu akashuka chini ili mdogo wake aendelee kupanda madarasa, na hajawahi kulitaja jambo hilo hata mara moja. Ni yeye pia aliyekuja kukagua ng'ombe wa mahari yangu, akamzunguka kila mmoja kama anayetafuta nyufa, akamkataa mmoja kwa sababu ya jicho. Nilimchukia mwaka mzima kwa ajili ya jicho lile.

Sasa vumbi la mawe lilikuwa limemwingia kifuani. Daktari alimwonyesha picha ya mapafu yake, akamwambia kwamba akirudi tena chini, asijisumbue kurudi hospitali. Kwa hiyo aliuza nyundo na patasi zake, akahamia kando ya ziwa, kwenye ghuba moja tulivu upande wa Geita ambako maji ni mafupi kiasi kwamba sehemu nyingi kasia linagusa tope. Akapata mtumbwi uliochoka, akaanza kuvua kwa ndoano. Uvuvi alikuwa haujui hata kidogo. Mke wangu aliyaweka mambo wazi bila kunyanyua macho kwenye choroko: akikosa samaki atarudi duarani, na akirudi duarani atakufa. "Namjua kaka. Kukaa bure hawezi."

Basi nikashika simu. Wiki nzima nilisoma na kutazama video za wauzaji wa mashine hizo, na sijui kama nimewahi kukutana na uongo uliopangwa vizuri namna ile. Kila muuzaji anajisifia kina. Hii inaona mita mia moja, ile mita mia mbili. Nani anavua kwa ndoano kwenye mita mia mbili, na mtumbwi wa kupiga makasia? Kwenye kundi moja la wavuvi mwanamume mmoja aliandika kwamba yake inatofautisha sato dume na sato jike, na wenzake wakampongeza, wakamwombea heri, wakamuuliza anapatikana wapi. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza anatofautisha kwa kutazama nini.

Mtu wa maji mafupi anahitaji vitu vichache tu, na hakuna hata kimoja kinachoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi. Kwanza, mashine ianze kuona kwenye maji ya magotini, kwa sababu nyingi ni vipofu mpaka ufike maji ya kifuani. Pili, kioo kisomeke juani. Vioo vingine vinang'aa dukani na ukifika navyo ziwani unaona sura yako tu. Tatu, ichajiwe kwa sola. Nne, iwe na kioo chake yenyewe, isitegemee simu kubwa, maana shemeji alikuwa na kitochi, na kitochi chenyewe kilifungwa kwa mpira wa ndani wa baiskeli. Nikaona moja ya bei ya wastani inayofaa: ndogo, ya rangi mbaya ya kijivu, inaishia mita thelathini, ina kichwa kinachoelea na waya wa kukiunganisha na kioo. Nikaandika sifa zake zote kwenye karatasi kwa mwandiko wa shule, nikapanda basi la kupitia Kahama nikiwa na karatasi yangu mfukoni, kama mtu aliyebeba hati ya kiwanja.

Duka alilolichagua shemeji lilikuwa Geita mjini, na lilikuwa duka la wachimbaji. Pampu za kuvutia maji, kofia ngumu, taa za kichwani, kamba, sola, na mstari mzima wa ditekta, zile fimbo zenye sahani chini ambazo watu hupitisha ardhini kutafuta dhahabu. Mbele ya kaunta palikuwa na karai la mchanga. Geita hakuna mtu anayenunua ditekta kwa maneno. Muuzaji anafukia punje ya dhahabu mchangani, mnunuzi anapitisha mashine juu ya karai, mashine ikilia anatoa hela, ikinyamaza anaondoka. Ni utaratibu wa busara, na nakiri kwamba kwa ditekta hata mimi ningefanya hivyo hivyo.

Muuzaji alinisalimia shikamoo kwa sauti laini mno. Nikaitika marahaba nikijua kabisa tunakwenda kuibiwa. Alileta mashine mbili za samaki akaziweka kando kwa kando. Moja ilikuwa ile ile ya kijivu niliyoiandika. Nyingine ilikuwa na kioo kikubwa chenye rangi, na ndani yake samaki wa kuchorwa walikuwa wanaogelea hata kabla haijawashwa vizuri. Kwenye boksi palikuwa pameandikwa mita mia.

Nilitoa karatasi yangu. Shemeji aliisoma yote, taratibu, akaikunja vizuri na kunirudishia. Kisha akamgeukia muuzaji.

"Lete ndoo ya maji."

Sikuelewa mpaka ndoo ilipofika. Shemeji alivuka barabara, akaomba dagaa mmoja kwa mama aliyekuwa ameanika dagaa wake kwenye turubai, akarudi naye ameshikwa kwa vidole viwili. Alimtumbukiza ndani ya ndoo. Dagaa mkavu, aliyekauka mpaka amejikunja, akaelea pale juu. Wachimbaji waliokuwa wanajaribu viatu vya mpira waliacha viatu vyao wakasogea.

Alianza na ile ya kijivu. Kioo kikaonyesha vistari tupu.

"Haioni," alisema mmoja.

Nikaeleza. Nilieleza vizuri, kwa Kiswahili ambacho hata mtoto wa chekechea angekielewa: kwamba mashine hizi hupeleka sauti chini na kusubiri irudi, kwamba ndoo ni fupi mno, sauti inarudi kabla mashine haijawa tayari kuisikia, na kwamba mashine inayoonyesha vistari ni mashine inayokiri kuwa haijui, jambo ambalo binadamu wengi hawaliwezi.

"Mzee," akaniambia mchimbaji mwingine kwa upole, "sasa kama inashindwaga ya kwenye ndoo, ya ziwani itaiweza?"

"Ng'hana," wakaitikia wenzake, kwamba ni kweli kabisa.

Ikaja zamu ya ile yenye rangi. Kichwa chake kiligusa maji tu, ikalia pi! pi! pi!, na samaki watatu wakatokea kwenye kioo: mmoja mkubwa, wawili wadogo. Kina: mita nne. Watu walipiga makofi. Kweli kabisa, walipiga makofi, watu wazima wenye familia.

"Ndoo hii ina mita nne?" nilipaza sauti.

"Inahesabu na chini ya sakafu, mzee," alijibu muuzaji bila hata kupepesa jicho. Mchimbaji mmoja akainama kuitazama sakafu, akaigonga kwa kisigino.

"Na dagaa ni mmoja! Tena mkavu! Hao wawili wametoka wapi?"

Hilo hakuna aliyelijali. Shemeji aliuliza kama kweli inafika mita mia, akaambiwa inafika na chenji. Nikamvuta kando nikamkumbusha kwamba ghuba yake haifiki hata mita tatu. Alinitazama kama nilivyomtazama yule wa mchele.

"Mimi nimefika mita themanini kwa kamba," alisema. "Siwezi kununua kitu kinachoishia thelathini."

Hapo nikajua nimeshindwa. Kule maduarani mtu hupimwa kwa alikofika chini, na asiyefika chini hana la kuwaambia watu. Akanunua ile yenye rangi. Ile ya kijivu ikarudishwa rafu ya nyuma pamoja na aibu yake, na dagaa akabaki anaelea. Njia nzima ya kurudi Shinyanga nilizungumza peke yangu kwenye basi. Nilipofika nyumbani nilianza na maneno "Kaka yako ni..." na mke wangu akauliza, "Kaka yangu ni nini?" Nikasema ni mchovu wa safari, mimi, nataka maji ya kuoga.

Kilichofuata kiliniudhi kuliko ndoo. Shemeji alianza kupata samaki.

Alikuwa anapiga simu jioni, na hadithi yake ilikuwa ile ile. Leo mashine imelia karibu na matete, nimetupa ndoano, nimepata sato wanne. Leo imelia kule kwenye jiwe, nimepata kambale wa kushika kwa mikono miwili. Leo imelia sana lakini wamekuwa wagumu, nimeondoka na mmoja. Mashine ilikuwa inalia kila mahali, bila shaka. Ilikuwa inalilia magugu, mapovu na kivuli chake yenyewe. Naye kila ilipolia alitupa ndoano, ikilia mbele kidogo anasogea anatupa tena, kutwa nzima, na mtu anayetupa ndoano kutwa nzima kwenye ziwa lenye samaki atapata samaki hata akiongozwa na jogoo. Mara mbili tulitumiwa mzigo kwa basi, kambale waliokaushwa, umefungwa kwenye mfuko wa sandarusi ambao kondakta alinikabidhi akiwa ameugeuzia uso pembeni. Mke wangu aliwapika kwa karanga. Alikuwa anaimba jikoni. Kwenye simu hakuwa anasikiliza habari za samaki hata kidogo, nilimwona: alikuwa anasikiliza kifua. "Leo amekohoa mara moja tu," ananiambia akikata simu. "Umesikia? Mara moja."

Mimi nilikuwa nakula wale samaki kwa hasira. Mtu akisifiwa kwa kosa, hasa kosa ulilomkataza, ugali haushuki vizuri. Nilitaka mashine ile ijulikane kuwa ni ya uongo, na nilitaka ijulikane mbele ya watu. Nasema hivi sasa kwa urahisi. Wakati ule nilijiambia kwamba namwonea huruma shemeji.

Nikaenda kumtembelea. Tulitoka asubuhi na mtumbwi wake, jua likiwa bado chini, yeye nyuma na kasia, mimi mbele na mashine mapajani. Alikuwa amenenepa kidogo. Alinionyesha ghuba yake kama mtu anayeonyesha shamba lake: pale sato, pale kambale, pale usipite kuna kisiki. Mashine ikalia. Nikakitoa kichwa chake majini, nikakishikilia hewani mbele ya uso wangu. Pi! pi! Samaki wawili, mita saba.

Nilicheka mpaka mtumbwi ukayumba.

"Kumbe huwa inaona na ndege," alisema shemeji, akitabasamu kidogo, na akatupa ndoano pale pale. Tulipata sato wazuri asubuhi ile. Sikuwatilia maanani.

Tuliporudi mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, wavuvi wenzake walikuwa wamekaa kwenye mbao wakinywa chai. Hapo ndipo nilipofanya nililolifuata. Niliwasha mashine, nikaomba kikombe cha mvuvi mmoja, nikatumbukiza kile kichwa ndani ya chai. Samaki wanne, mita tano. Kikombe kikapita mkono kwa mkono. Mmoja akauliza kama wamekaangwa au wabichi. Mwingine akaomba apimiwe uji. Nikawasimulia na habari ya ndoo, na dagaa mkavu, na mita za chini ya sakafu, nikaiga sauti ya muuzaji, na sijawahi kupata watu wa kuzichekea hadithi zangu vizuri kama wale. Shemeji naye alicheka. Kisha akainama akaanza kuukunja ule waya, polepole, pete juu ya pete, mpaka ulipoisha. Nilimwona. Niliendelea kusimulia.

Kuanzia siku ile wakamwita Bwana Chai. Aliniambia mwenyewe kwa simu, kwa sauti ya mtu asiyejali, na akaongeza kwamba mashine amemwachia mtoto wa jirani achezee. Nikamwambia asihofu, fundi yupo. Nikaagiza ile ya kijivu kwa hela yangu, nikaipeleka mwenyewe, na nikakaa naye siku mbili kumfundisha.

Alijifunza haraka kuliko mtu yeyote niliyewahi kumfundisha chochote. Nilisahau kwamba huyu alikuwa mtu wa kusoma mwamba kwa ncha za vidole. Asubuhi ya kwanza tu alikuwa anatofautisha tope na changarawe kwa unene wa mstari, na mchana akawa anajua magugu yanavyosimama na samaki anavyokaa. Wavuvi wakasogea kuona, safari hii bila kucheka. Mimi nikawa nawaeleza huku nikigusa kioo kwa kalamu. Nilirudi nyumbani nimevimba kichwa, nikamwambia mke wangu kwamba kuanzia sasa kaka yake ataacha kubahatisha.

Simu za jioni zikaanza kuwa fupi. Leo nimezunguka ghuba yote, hamna kitu. Leo nimeona mmoja, amepita. Leo hamna. Nikamuuliza kama anatupa ndoano.

"Nimtupie nani? Hakuna mtu chini."

"Safi," nilimwambia. "Sasa unavua kisayansi."

Hayo ni maneno yangu, niliyatamka mimi mwenyewe, nimesimama pale kibandani na bisibisi mkononi. Mchimbaji ana sheria yake, na sheria hiyo ni nzuri kwenye ardhi: ukishakuwa na ditekta unayoiamini, ikinyamaza huchimbi. Hupotezi jasho lako mahali pasipolia. Shemeji sasa alikuwa na mashine anayoiamini, tena imethibitishwa na mimi, mtu aliyeiumbua ile nyingine mbele ya watu. Akawa anatoka asubuhi, anazunguka kimya kimya akitazama kioo, kioo hakina kitu, anarudi na ndoano kavu. Wenzake wasio na mashine yoyote walikuwa wanarudi na samaki kutoka ghuba hiyo hiyo. Aliniambia hilo siku moja, kama fumbo lililomshinda. Nikamjibu kwamba wanabahatisha.

Mvua za kwanza ziliponyesha, mke wangu alikuja kibandani mchana, jambo ambalo huwa halifanyi. Alisimama mpaka mteja alipoondoka. Kisha akaniambia kwamba kaka yake ameuza mtumbwi. Kuna duara limetema dhahabu, kilomita chache kutoka mjini, mawe yake ni mazuri, wanahitaji watu wanaojua kushuka, naye ameshashuka tangu wiki iliyopita.

"Nimemuuliza ziwa limekukosea nini," alisema. "Ananiambia samaki hamna. Eti mashine ya shemeji haidanganyi."

Nikakaa kwenye kigoda changu. Kuna kitu nilikuwa nakijua tangu ile wiki ya kusoma, na sasa kilinijia chote kwa mpigo. Sauti ya mashine hutoka kwenye kichwa chake kama mwanga wa tochi, nyembamba hapo inapoanzia na pana huko inakofika. Kwenye maji marefu inamulika uwanja. Kwenye maji ya mita mbili, hata mashine nzuri kabisa inamulika mahali pa kutandika mkeka, chini ya mtumbwi, basi. Na kwenye maji mafupi samaki haendi kukaa chini ya mtumbwi. Anaona kivuli, anasikia kasia, anajisogeza pembeni. Ghuba nzima yenye samaki, na mtu anazunguka akiangalia mkeka mmoja mtupu anaouburuta mwenyewe. Kwenye maji kama yale mashine ni ya kukuonyesha kina, magugu na visiki, ujue pa kutupia. Samaki unamtafuta kwa ndoano. Sikumwambia. Nilikuwa nawaeleza watu unene wa mstari kwa kalamu.

Nilimweleza mke wangu hayo yote, kwa sababu nilidhani kueleza ni sawa na kutubu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Na ile ya kwanza," aliuliza, "ile ya uongo. Akiwa nayo alikuwa anapata samaki?"

"Alikuwa anapata."

"Alikuwa anakohoa?"

Nikaanza kuifungua simu ya mteja iliyokuwa mezani.

"Sasa wewe ulikuwa unatengeneza nini?"

Hakungoja jibu. Alichukua mfuko wake wa sokoni akaondoka, na mimi nilibaki nimeshika simu ya mtu iliyofunguliwa nisijue nilikuwa nimefikia wapi.

Jumapili nikaenda kwenye hilo duara. Ni shimo kama mashimo mengine, na mdomo wake umezungushiwa magogo; watu wawili wamesimama kwenye mti wa kuzungushia kamba, na mifuko ya mawe imepangwa kando. Nikasema ni shemeji yake, nimetoka Shinyanga. Wakatikisa kamba mara kadhaa, wakaniambia nisubiri. Nilisubiri saa nzima juani. Kwanza nilimsikia akikohoa, chini kabisa, kisha karibu zaidi, na kisha kofia yake ikatokea.

Alikuwa mweupe kwa vumbi hadi kwenye kope. Alinisalimia, akauliza habari za dada yake na watoto, akakaa kwenye gogo. Nikampa maji niliyokuja nayo. Alipomaliza kunywa nikamwambia, bila kuzunguka, kwamba mashine ile inaona mahali pa mkeka tu chini ya mtumbwi, kwamba samaki walikuwepo muda wote pembeni yake, na kwamba alitakiwa atupe ndoano hivyo hivyo. Nikamwambia nitamnunulia mtumbwi mwingine, kesho, leo hii akitaka.

Alikuwa anatazama chini, kwenye mikono yake.

"Hilo la mkeka," alisema, "ulilijua lini?"

Ningeweza kudanganya. Asingegundua kamwe.

"Kabla sijainunua."

"Hata siku ile ya chai?"

"Hata siku ile."

Nilitaka akasirike. Nilikuwa tayari hata anipige mbele ya wale wa kamba. Yeye alifunga tu kizibo cha chupa, akanirudishia.

"Ungesema, shemeji," aliniambia. "Wewe huwa nakusikilizaga."

Kisha akanishukuru kwa maji, wabeja, na kuhusu mtumbwi akasema tutaongea duara hili likiisha. Akavaa taa yake kichwani, akashika kamba kwa mikono miwili, na wale watu wakaanza kumshusha, kwa sababu zamu yake ilikuwa haijaisha.